Umeme ukirudi RCCB haikai juu, ninunue nyingine?

Mpangaji_Mbagala
Wakuu, umeme ukikatika kisha ukarudi, RCCB yangu (swichi kuu inayojikata umeme ukivuja; ya 63A, 30mA) nikiipandisha inashuka hapo hapo. LUKU ina uniti, breka ndogo zote ziko juu. Imekufa?

Fezi_Tatu
Usinunue bado, huenda inafanya kazi yake: kuna umeme unavujia ethi (waya wa ardhini). Shusha breka ndogo zote, pandisha RCCB, kisha pandisha breka moja moja. Itakayoiangusha ndiyo yenye shida. Chomoa vifaa vyote vya laini hiyo. Kuzima swichi ya soketi pekee hakutoshi. Anza na hita ya maji, pampu na taa za nje zilizoingia mvua. Elementi yenye ufa ikipoa umeme ukiwa umekatika hufyonza unyevu, ndiyo maana kosa hujitokeza umeme ukirudi.

Pia RCCB ya 30mA inaruhusiwa kujikata kuanzia 15mA. Vifaa vingi vikivuja kidogo kidogo kwa pamoja, vinatosha.

Nyutro
Na ikishuka hata breka zote zikiwa chini? Breka za kawaida zinakata fezi (waya wa moto) tu, nyutro (waya wa kurudishia umeme) inabaki imeungwa. Nyutro ikigusa ethi popote, RCCB inaweza kuanguka. Hapo muite fundi mwenye mega (kifaa cha kupima kama nyaya zinavujisha umeme): afungue nyutro za kila laini kwenye baa, achomoe vifaa na balbu, apime kwa 500V. Chini ya megaohm 1, waya huo una kasoro. Nyutro zote zikiwa nje na bado inashuka, sasa badilisha RCCB. Angalizo: upande wa juu wa RCCB, unaotoka kwenye mita, una umeme hata ikiwa chini. Usiuguse.

Mpangaji_Mbagala
Ni breka ya hita. Nyingine zote zinakaa.

Fezi_Tatu
Iache chini, nyumba nzima iendelee. Fundi atoe nyaya za elementi apime: ya 1,500W isome kama ohm 35, na kati ya ncha na bati mega isome megaohm kadhaa. Multimita ya kawaida inaweza kukudanganya kwenye kipimo hicho cha pili.

Nyutro
Friji nayo isubiri dakika 5 umeme ukirudi, kompresa isianze na presha. Na ukiona taa zinang'aa kupita kawaida, shusha mein mara moja uwapigie TANESCO: nyutro ya mtaani huenda imekatika, na volti zinaweza kukaribia 400.