Naomba mapitio ya kiraka: kuondoa alama za herufi katika utafutaji wa kanzidata

Msimbo_Sinza

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Ninatunza katalogi ya maktaba moja hapa Dar es Salaam, ambayo kanzidata yake ni PostgreSQL. Wiki iliyopita mwanafunzi alisimama kaunta akaandika "Ngugi", akajibiwa kwamba hakuna kitabu, ilhali vitabu vya Ngũgĩ wa Thiong'o vilikuwa rafuni, hatua chache nyuma ya mgongo wake. Mwenzangu ameniletea kiraka, yaani mabadiliko madogo ya msimbo, chenye fankisheni inayotumia translate, amri ya kubadilisha herufi moja kwa nyingine, na orodha zake mbili ni hizi:

'áàâãéèêíìîĩóòôõúùûũñç'
'aaaaeeeiiioooouuuunc'

Majaribio yake mawili, "Césaire" na "João", yamepita. Hata hivyo, "Ngugi" bado haipatikani. Naomba mnisaidie kukipitia kabla sijakiunganisha na msimbo mkuu.

Fundi_Kijitonyama

Mkuu, hesabu herufi za kila orodha. Ya juu ina 21, ya chini ina 20, kwa sababu "i" moja imesahaulika. translate hulinganisha herufi kwa nafasi yake, kwa hiyo kuanzia hapo kila herufi imesogea nafasi moja: ĩ inageuka "o", ũ inageuka "n", na Ngũgĩ anaingia kwenye faharasa (orodha ya maneno ambayo kanzidata hutafutia) kama "Ngngo". Tena ç iliyobaki mwishoni bila mwenza hufutwa kabisa bila onyo lolote, na "François" anakuwa "Franois". Majaribio yamepita kwa sababu ã na é zote ziko kabla ya pengo hilo.

Usiishie kuongeza "i" iliyopotea. Orodha ya mkono itakosewa tena siku nyingine, na isitoshe translate haiwezi kugeuza herufi moja kuwa mbili, kama æ kuwa "ae" au ß kuwa "ss". Kiendelezi cha unaccent, ambacho huondoa alama za herufi, kipo tangu toleo la 9.0 la PostgreSQL, na kanuni zake huzalishwa kwa programu kutoka kwenye data ya Unicode yenyewe, mfumo wa kimataifa wa kuzipa herufi namba. Tengeneza usanidi wako wa utafutaji kwa kunakili ule wa simple, uliopo tayari na ambao hugeuza tu herufi kubwa kuwa ndogo, kisha upange unaccent itangulie na simple ifuate. Unaccent ni kamusi ya kuchuja, husafisha neno na kulipitisha kwa kamusi inayofuata. Jina la usanidi huo litaje wazi ndani ya to_tsvector, fankisheni inayogeuza maandishi kuwa maneno ya kutafutia, la sivyo faharasa itakataa kuundwa.

Ukiamua kuiita unaccent kama fankisheni moja kwa moja ndani ya faharasa, utakwama, kwa kuwa imetangazwa STABLE (jibu lake linaweza kubadilika baadaye), nayo faharasa hudai IMMUTABLE (jibu lisilobadilika kamwe). Wengi huifunika kwa fankisheni yao iliyotangazwa IMMUTABLE. Inafanya kazi, ila siku ukibadilisha faili la kanuni ni lazima uijenge faharasa upya, na kanzidata haitakukumbusha.

Dada_Faharasa

Naunga mkono, na naongeza jambo moja ambalo mapitio mengi huliruka. Herufi ũ inaweza kuhifadhiwa kama alama moja, U+0169, au kama "u" ya kawaida ikifuatwa na alama ya U+0303. Kwenye skrini huwezi kuzitofautisha hata ukisogeza macho karibu, lakini kwa kanzidata ni maandishi mawili tofauti, na orodha ya mwenzako inaitambua ile ya kwanza tu. Ikiwa rekodi zenu zimenakiliwa kutoka vyanzo mbalimbali, zote mbili huenda zimo. Pitisha maandishi kwanza kwenye fankisheni ya normalize ya aina ya NFC, inayounganisha herufi na alama yake kuwa alama moja. Ipo tangu toleo la 13, mradi kanzidata iwe ya UTF8, njia ya kuhifadhi herufi za Unicode.

Mkutubi_Upanga

Kaka, umesahau "Thiong'o". Kichanganuzi, sehemu inayogawa maandishi kuwa maneno, hukata neno penye ritifaa kabla kamusi yoyote haijaliona, hivyo panabaki "thiong" na "o", na anayeandika "Thiongo" hapati kitu. Ndivyo ilivyo pia kwa ng'ombe na ng'ambo, maneno ambayo wasomaji wetu huyaandika kila siku bila ritifaa. Ifute kabla ya to_tsvector, ile iliyonyooka na ile iliyopinda ambayo simu nyingi huiweka zenyewe. Lakini nakusihi ufanye hivyo kwenye faharasa tu: ng'oa na ngoa ni maneno mawili, na msomaji anayefungua rekodi ana haki ya kuona neno lilivyoandikwa.

Msimbo_Sinza

Nawashukuru sana, wakuu. Kiraka nimekirudisha kwa mwenzangu pamoja na maelezo yenu, na tumekiandika upya pamoja: normalize kwanza, kisha kufuta ritifaa, kisha usanidi wenye unaccent, na kisanduku cha kutafutia kinapita njia hiyo hiyo. Majaribio sasa yana Ngũgĩ kwa maumbo yote mawili, François, na ng'ombe akiwa na ritifaa na bila. Faharasa tutaijenga upya usiku wa leo, maktaba ikishafungwa.