Tupeane uzoefu: kuongeza kadi ya grafiki kwenye kompyuta ya mezani ya zamani

Kijana wa Keko
Wakuu, habari za leo. Jana mdogo wangu kaja na kadi kwenye mfuko, kubwa kama tofali, anataka tuifunge kwenye Dell OptiPlex 7010 yetu, ile nyembamba. Kufungua kasha, kadi hata haiingii. Kaondoka kimya, maana aliinunua kwa hela ya miezi mitano.

Nikakumbuka yangu ya 2019. Nilichukua kadi ya GT 1030 nikidhani zote ni moja. Kumbe ipo yenye kumbukumbu ya GDDR5 na ipo ya DDR4, jina lilelile. Ya kwanza inapitisha data gigabaiti 48 kwa sekunde, ya pili haifiki 17. Mimi niliangukia ya pili.

Mashine ina prosesa i5-3470, ramu GB 8, pawasaplai (boksi la umeme) wati 240. Mliowahi kuongeza kadi kwenye hizi used za maofisini, mlichagua ipi na ikawaje?

Mpemba wa Bara
Hiyo ya DDR4 imeliza wengi. Pole sana.

Kamera Moja
Umenigusa pabaya, kaka. Mimi nahariri video za harusi hapa Mwanza. 2021 nilikuwa na mashine ya kusimama, wati 275. Nikapata kadi ya RX 580 iliyotumika. Pawasaplai yangu haikuwa na waya wa pini 8 wa kulisha kadi, fundi akanipa adapta, upande mmoja unachomeka kwenye waya wa SATA, ule wa umeme wa diski. Nikamuuliza, "Hii haina shida?" Akasema anazifunga kila siku. Yeye ndiye fundi, nikamwamini.

Siku tatu nilifurahi mno. Kazi niliyokuwa naiacha usiku kucha ikawa inatoka kwa saa mbili. Siku ya nne, saa tisa usiku, narenda sendofu, nikasikia harufu ya plastiki. Kugeuka, moshi unatoka nyuma ya kasha. Nikachomoa ukutani. Adapta imeyeyuka, waya umeyeyuka, na diski yenye kazi yote ilikuwa kwenye waya huohuo. Kadi za kamera nilishazifuta, nilikuwa na ubatizo Jumapili.

Kwenye ile sendofu bibi yake mwali alisimama akaongea kama dakika tano, akamvisha mjukuu kitenge chake mwenyewe. Wiki ile ile bibi akafariki. Nilikwenda kuwaeleza watu wakiwa bado kwenye turubai la msiba. Mama yake hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Hata sauti haipo?" Mpaka leo nikisikia harufu ya plastiki nanyanyuka.

Dada wa Tandika
Mungu wangu. Diski hukuipeleka kwa wanaofufua data?

Kamera Moja
Nilipeleka, dada. Wakabadilisha bodi ya chini, yakarudi mafaili ya zamani. Ya usiku ule hayakurudi.

Umeme Mdogo
Ndugu zangu, tuiseme wazi hii ili isimpate mwingine. Kichwa cha SATA kwenye volti 12 uwezo wake ni wati 54. Pini 8 za kadi zimewekwa zipitishe hadi 150. Na RX 580 kwa ujumla ni kadi ya wati 185. Hata adapta ingekuwa ya dhahabu, ule waya lazima upate moto. Kama pawasaplai haina waya wa kadi kiwandani, chagua kadi inayokula umeme wa sloti peke yake, pale inapochomekwa, mwisho wati 75.

Chuma Chakavu
Mimi ningebadilisha pawasaplai tu, maisha yaendelee.

Umeme Mdogo
Kwenye kasha nyembamba haiingii, umbo lake ni la peke yake. Na hata kwenye kubwa, kuna mashine kama OptiPlex 9020, plagi ya madabodi (bodi kuu) ina pini 8 wakati za kawaida zina 24.

Mtwara Kuchele
Achukue kadi ya RX 6400 fupi, ya kasha nyembamba. Wati 53, haitaki waya, na ni ya 2022, siyo mitumba.

Baba Zawadi
Unampoteza mwenzio. Ile imejengwa kwa njia 4 tu za kupitisha data, inategemea madabodi yenye PCIe 4.0, toleo jipya la sloti lenye kasi zaidi. Kwenye mashine ya zamani inabanwa. Kadi ya GTX 1650 fupi inatumia njia zote 16.

Mtwara Kuchele
Ninayo nyumbani kwenye mashine ya prosesa ya kizazi cha tatu, watoto wanacheza gemu la mpira vizuri. Wewe umeishika au umesimuliwa?

Baba Zawadi
Nimeishika na nimeiuza. Haina sehemu ya kurekodi video ndani yake, mzigo wote unarudi kwenye prosesa. Kwa mtu kama Kamera Moja haifai hata kidogo.

Mtwara Kuchele
Aliyeuliza hajasema anarekodi.

Umeme Mdogo
Wote mna hoja. 7010 ikiwa na prosesa ya kizazi cha tatu inatoa PCIe 3.0, na i5-3470 ndicho kizazi hicho. Ukiweka ya kizazi cha pili inashuka 2.0, na hapo RX 6400 itaumia kweli.

Dada wa Tandika
Mimi nilitapeliwa kwa kadi ya GTX 1050 Ti. Ilikuwa na tundu la VGA, nikafurahi kwa kuwa monita yangu ni ya zamani. Kumbe chipu halisi ya 1050 Ti haitoi VGA kabisa. Ilikuwa GTX 550 Ti iliyobadilishwa jina. Programu ya GPU-Z ndiyo iliyoandika FAKE mbele ya jina. Usilipe kabla hujaifungua hiyo programu palepale dukani.

Chuma Chakavu
Ongeza ramu na SSD, kadi sahau.

Baba Zawadi
Na hata 1050 Ti halisi sasa fikiria mara mbili. Nvidia, wanaoitengeneza, walifunga draiva (programu za kuendesha kadi) mpya za gemu kwa kizazi hicho Oktoba 2025, zimebaki za usalama tu. 1650 bado inapata.

Mpemba wa Bara
Kamera Moja, samahani kukurudisha. Wageni wa siku ile hawakurekodi kwa simu?

Kamera Moja
Tuliuliza mmoja mmoja. Shemeji yao alikuwa na sekunde arobaini, picha imetikisika, lakini sauti ya bibi ipo. Nimeiweka sehemu tatu tofauti.

Kijana wa Keko
Nimesoma yote. Dogo leo amerudishiwa hela kasoro elfu ishirini. Tunatafuta 1650 fupi isiyo na waya. Nimepima kwa rula kutoka sloti hadi pawasaplai, kuna nafasi ya unene wa sloti mbili. Mwenye bano fupi la ziada (kile chuma cha kushikia kadi kwenye kasha) aniambie, maana nyingi nazoona mtandaoni zinauzwa na bano refu tu.

Mpemba wa Bara
Ninalo moja kwenye droo. Kesho nipo Kariakoo, njoo ulichukue.