MJADALA: Mwigizaji anayekosa mazoezi kwa ajili ya u-MC na shuti, aondolewe au avumiliwe?

Mwanapazia
Mbukwenyi wakuu. Igizo la saa moja na nusu linahitaji wiki sita, jioni nne kwa wiki, saa tatu kila jioni. Jumla saa 72. Sasa mhusika mkuu Ijumaa hayupo, ana send-off Ipagala. Jumatatu yuko kwenye treni anakwenda Dar kushuti tamthilia. Akirudi anataka sehemu ya pili ya igizo ipangwe upya kwa sababu "hakuwepo". Kila kundi la jukwaani hapa Dodoma linalijua hili. Msimamo wangu: akikosa mara tatu, nafasi apewe mwingine. Watu 12 hawawezi kusimama kumngoja mtu aliyekwenda kusoma majina ya kamati ya harusi.

Kipaza Moto
"Kusoma majina ya kamati." Sawa mkuu. Maharusi wameingia, keki bado iko njiani, mpishi anasema chakula kiko tayari na kitapoa, mama wa bwana harusi hajafika, na DJ kapoteza wimbo wa kuingilia. Dakika 20 hizo unazijaza na nini? Skripti huna, msimamizi wa jukwaa wa kukunong'oneza mstari huna. Waigizaji wenu wakisahau neno moja wanakodoleana macho kama kuku wamemwagiwa maji.

Bi Ratiba
Kabla hamjararuana, swali lina jibu la karatasi mbili.

Ya kwanza hujazwa siku ya usaili, kabla mtu hajapewa nafasi: kila mmoja anaandika tarehe zote asizopatikana mpaka siku ya onyesho. Harusi, kwaya, shuti, mitihani, vyote. Mwongozaji akiona siku za Fulani hazitoshi, hampi mhusika mkuu, anampa nafasi ya mjumbe mwenye matukio mawili. Tarehe ikiongezwa baada ya hapo ni ombi, si taarifa. Na siku kumi za mwisho hazina ombi.

Ya pili ni jedwali: matukio yanashuka chini, majina ya wahusika yanakwenda kulia, unatia alama nani yumo wapi. Lakini msiishie kwenye maonyesho, yaani sehemu alizogawa mwandishi. Gawanyeni upya kila mtu anapoingia au kutoka jukwaani. Igizo lenye maonyesho matano mtapata vipande 20 na zaidi, na mtashangaa vingi havimhitaji mhusika mkuu. Ijumaa ya send-off mnafanya vipande hivyo. Kuita watu 12 kila jioni ili wanane wakae wakichezea simu ni kosa la mwongozaji, si la MC.

Mwanapazia
Kipaza Moto, kujaza dakika 20 kwa "wapi vigelegele" si uigizaji. Mwigizaji anabeba mtu mwingine kabisa. MC anajibeba mwenyewe na suti. Halafu unashangaa akija jukwaani anaigiza mzee wa Kigogo kwa sauti ya "kamati oyee".

Kipaza Moto
Na huyo mzee wa Kigogo mnamlipa nini? Nauli ya bodaboda, mgawo wa kiingilio baada ya onyesho, na mazoezi bure. MC anachukua kianzio akikubali kazi na chake kilichobaki usiku huohuo. Na afadhali MC kuliko wale wa ngoma za mapokezi, wanacheza dakika kumi kiongozi apite, wanapewa soda, wanajiita wasanii.

Zeze na Ilimba
Umeshika pabaya, kaka. Dakika kumi unazoziona wewe ndizo za mwisho. Kundi la Chamwino likiitwa mapokezi ya asubuhi, gari linawachukua alfajiri. Ngoma za muheme, zile wanazopiga wanawake wa Kigogo, ngozi zake zikilegea kwa baridi hazilii, lazima ziwekwe karibu na moto zikaze, na mtu azigeuze asije akaunguza ngozi. Msafara ukichelewa, zinalegea tena, moto unawashwa tena. Mama anapiga akiwa amesimama, ngoma ameibana kwa mapaja, mabega na kiuno vinacheza, na anaimba hapohapo. Halafu jioni unamwita mazoezini apige magoti nusu saa katika onyesho la msiba, unasema mvivu. Jaribu kubana ndoo tupu kwa mapaja wimbo mmoja tu.

Kipaza Moto
Sikusema ni rahisi. Nimesema soda.

Zeze na Ilimba
Hukusema soda tu, umesema "wanajiita". Hukwe Zawose alitoka Ugogo huku, akafundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo, akazunguka dunia na zeze na ilimba, ala za Wagogo. Naye alijiita?

Mwanapazia
Zawose alikuwa mwanamuziki, hapa tunajadili mazoezi ya maigizo. Hili suala lipelekwe BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, watoe mwongozo, wapo tangu 1974.

Behewa la Tatu
1984. Na sheria iliyowaunda haikuwapa kazi ya kuangalia nani kachelewa mazoezi Makole.
Ila hoja ya Dar imepitwa na wakati. Basi lilikuwa linakula siku nzima. Treni ya umeme tangu Agosti 2024 ni kama saa tatu na nusu. Mtu anashuti asubuhi, usiku yuko Dodoma.

Mtani wa Kikuyu
Julai.

Behewa la Tatu
Agosti mosi, Rais alizindua.

Mtani wa Kikuyu
Alizindua ndiyo, lakini abiria wa Dodoma walianza kupanda Julai 25. Mzee, treni ilitembea kabla utepe haujakatwa.

Bi Ratiba
Treni haisaidii kitu, kwa sababu shuti haiishi saa iliyoandikwa. Taa ikisumbua au mvua ikinyesha, kipande kinasogezwa kesho. Mwenye shuti aandike siku ya kazi na siku moja ya akiba nyuma yake. Tena kuna suala la ndevu na nywele: picha zikiunganishwa lazima afanane na wiki iliyopita, hivyo mzalishaji hamruhusu kunyoa. Nyie mnamtaka kijana asiye na ndevu. Hilo mlimuuliza kwenye usaili au mlisubiri mazoezi ya maleba, yaani ya mavazi ya jukwaani?

Sauti ya Tatu
Nashauri mazoezi yawekwe Kwaresima. Makanisa mengi hayafungi ndoa, ma-MC wako huru. Mwaka 2025 Kwaresima na Ramadhani zilianza wiki moja, Machi mwanzoni, kumbi zilikuwa tupu.

Mwanapazia
Wazo zuri sana. Pasaka tunaonyesha.

Sauti ya Tatu
Pasaka hapana! Sisi wa kwaya ndipo tunapobanwa, Wiki Kuu kila siku tuko kanisani. Na waliofunga wanahitaji kufuturu, kwa hiyo mazoezi yaanze saa mbili usiku, si saa kumi na moja.

Mtani wa Kikuyu
Baada ya Pasaka ni Bunge la bajeti, Aprili mpaka Juni. Ukumbi hupati, na ukiupata bei imepanda. Kwa hiyo tuonyeshe lini, Krismasi?

Koo Kavu
Mnajadili tarehe, koo je? Aliyepiga kelele juu ya spika Jumamosi mpaka saa sita usiku, nyuzi za sauti zimevimba. Jumapili anadhani yuko sawa kwa sababu anaweza kuongea, lakini sauti ya juu imekatika na kila sentensi anaisukuma. Hapo mwongozaji anamwambia "basi nong'ona". Kosa. Kunong'ona kwa nguvu kunaweza kuchosha koo kuliko kusema taratibu. Anyamaze, anywe maji kidogo kidogo siku nzima, avute mvuke wa maji ya moto dakika kumi, na apitie hatua zake jukwaani huku mwingine akisoma maneno. Julai hapa Dodoma upepo ni mkavu na vumbi ni jingi, ni mbaya zaidi.

Kipaza Moto
Tangawizi na asali mbona hujazitaja?

Koo Kavu
Zinapita kwenye umio, hazigusi nyuzi za sauti. Ukizigusisha utakohoa mpaka wageni waondoke. Dawa ya MC ni kuacha kushindana na DJ. Mwambie ashushe muziki kabla hujafungua mdomo.

Mwanapazia
Kwa hiyo umekubali MC anapiga kelele.

Kipaza Moto
Ma-MC wachanga. Wanashika kipaza sauti kifuani halafu wanapayuka.

Koo Kavu
Kikae vidole viwili au vitatu kutoka mdomoni, kimeinama kidogo pembeni ili herufi P na B zisipige puu.

Zeze na Ilimba
Bado namsubiri Kipaza Moto afute lile neno.

Kipaza Moto
Nafuta "wanajiita". Soda inabaki.

Bi Ratiba
Mwanapazia, mhusika wako mkuu wa Ijumaa na Jumatatu, siku ya usaili mlimpa karatasi ajaze tarehe?

Mwanapazia
Tulimuuliza kwa mdomo.