Mdogo wangu anataka kuacha heroini lakini anaogopa kupimwa VVU

Dada wa Mbagala:
Habari zenu, ndugu zangu. Mdogo wangu wa kiume, mwenye umri wa miaka 27, anajidunga heroini huu mwaka wa nne. Juzi alitamka mwenyewe kwamba amechoka na anataka methadoni, ile dawa ya kunywa inayotolewa badala ya heroini, lakini nilipomwambia twende kliniki aliniuliza kama ni lazima apimwe virusi vya UKIMWI kwanza, kwa kuwa wawili kati ya wenzake aliokuwa akichangia nao bomba la sindano wamekwisha kufariki. Mwaka jana tulikwenda zahanati moja akiwa na jipu mkononi, na mhudumu wa mapokezi akasema kwa sauti, mbele ya foleni nzima, kwamba mateja wasubiri nje. Je, akikataa kupimwa atanyimwa methadoni? Na akikutwa na maambukizi, ataweza kutumia methadoni na dawa za VVU kwa pamoja?

Muuguzi mstaafu:
Pole, mwanangu. Hapa Dar es Salaam methadoni ilianza kutolewa hospitali ya Muhimbili mwaka 2011, kisha za Mwananyamala na Temeke, hivyo hamna haja ya kwenda mbali, na tiba yenyewe ni bure. Atashauriwa apime VVU, homa ya ini na kifua kikuu, lakini sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inataka ridhaa ya mtu, na kipimo hakitakiwi kuwa sharti la kupewa tiba. Dawa zote mbili zinatumika pamoja bila shida, hasa sasa ambapo wagonjwa wengi wa VVU wanatumia dolutegravir, ambayo haipunguzi nguvu ya methadoni kama zilivyokuwa zikifanya dawa za zamani za VVU, efavirenz na nevirapine. Tahadhari kubwa iko kwenye kifua kikuu: rifampisini, dawa ya ugonjwa huo, huishusha methadoni mwilini, arosto (maumivu ya kukosa heroini) ikarudi, na mgonjwa akadhani kliniki imempunja. Kwa hiyo asifiche dawa yoyote anayotumia.

Nimepona nusu:
Dada, mimi nakunywa methadoni mwaka wa saba sasa, na ninaishi na VVU. Sikupimwa hospitali, waelimishaji rika, ambao baadhi yao tuliwahi kuvuta nao, walitufuata maskani na mhudumu mmoja, nikatobolewa kidole nikiwa nimekaa juu ya tairi bovu. Kilichonipeleka kliniki ni kwamba yule aliyenipima ndiye aliyenisindikiza. Mwambie mdogo wako ajiandae zaidi kwa safari ya kila siku kuliko kuogopa kipimo: unakwenda dirishani asubuhi, unapewa kikombe, unakunywa mbele ya muuguzi, kisha anakusemesha kidogo ahakikishe hujaibakiza mdomoni. Nauli ndiyo iliyowarudisha wenzangu wengi kijiweni, si dawa. Wiki za mwanzo dozi ni ndogo na arosto haiishi yote, hivyo mtu hushawishika kuongezea kete ya heroini, vidonge vya usingizi vya valiamu au pombe. Hapo ndipo watu hulala wasiamke, kwa maana pumzi hukatika. Akikosa siku tatu mfululizo asidai dozi yake ya zamani, maana mwili unakuwa umeshaisahau.

Dada wa Mbagala:
Nawashukuru sana. Anauliza kama anaweza kujipima mwenyewe nyumbani, mlango ukiwa umefungwa.

Muuguzi mstaafu:
Anaweza; sheria hiyo ya UKIMWI ilirekebishwa mwaka 2019 ikaruhusu mtu kujipima. Kuna kipimo cha kupitisha kwenye fizi ambacho husomwa baada ya dakika 20, ila asile wala kupiga mswaki muda mfupi kabla. Mistari miwili haimaanishi bado kwamba ana maambukizi. Ni lazima majibu yathibitishwe kituoni. Mstari mmoja nao usimpe uhakika ikiwa amechangia sindano ndani ya miezi mitatu iliyopita, bali arudie. Na uwe nyumbani siku hiyo, hata kama atakuambia ukae sebuleni.