Mjadala: Vijana waruhusiwe kukamata vipepeo wa milimani na kuwauza?

Wandugu wa Bukavu, nafungua mjadala kwa sababu ya hoja ninayoisikia kila tukizungumzia Kahuzi-Biega: vijana wa vijiji vya kando ya hifadhi wapewe nyavu, wakamate vipepeo adimu, wawauzie wageni. Eti mdudu hana mwenyewe, na njaa haingoji.

Njaa ni ya kweli. Wavu naupinga.

Mfikirieni Papilio leucotaenia, kipepeo mkubwa mweusi mwenye utepe mpana wa rangi ya malai uliokatiza mabawa. Duniani kote makao yake ni misitu ya milima ya huku kwetu: Kivu, Rwanda, Burundi na Bwindi kule Uganda. Msitu ukifyekwa, shamba la mihogo halimfai kitu.

Jamaa yake mnaye uani. Chunguzeni majani ya mti wa ndimu: kiwavi mdogo anafanana kabisa na mavi ya ndege, akikua anageuka kijani. Mguse kwa kijiti. Nyuma ya kichwa zinachomoza pembe mbili laini za rangi ya chungwa, zenye harufu ya kukufanya urudi nyuma. Watoto wangu hawachoki kumtazama. Na mama yake hakutaga pale kwa bahati: alichagua jani ambalo watoto wake wanaweza kulila.

Ukiujua mti wake unaweza kumlea, ndiyo maana nasema tufuge. Kenya, kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, tangu 1993 wakulima wanalea viwavi mpaka wawe mabundo (kiwavi akijifunga kabla ya kutoka kipepeo), kisha mabundo yanauzwa nje. Tuanze na hawa wa kawaida wa ndimu, yule adimu tumwache mlimani.

Kuna atakayesema adui ni makala, yaani makaa yanayochomwa kwa miti ya msituni, si wavu. Ni kweli, na makala hayo tunayapikia sisi hapa mjini. Hifadhi ilianzishwa 1970, UNESCO ikaiweka kwenye urithi wa dunia 1980, na tangu 1997 imo kwenye orodha ya zilizo hatarini. Lakini msitu uliopungua ndio hasa usioweza kuvumilia wavu. (Na Batwa, wenyeji wa asili wa msitu huo waliotolewa humo kwa nguvu, wawe wa kwanza kuulizwa.)

Mnaotetea wavu, nijibuni hili: kijana akinasa jike ambaye bado ana mayai tumboni, nani atamwambia amwachie?