Kichochoro chetu Mkomani kimekatwa kwenye OpenStreetMap: naanzia wapi?

Binti wa Mkomani (Lamu)

Salaam aleikum. Nataka kuanza kuchangia OpenStreetMap, ile ramani huria ya mtandaoni inayochorwa na watu wa kujitolea, ila sijawahi kushiriki mradi wa namna hii na ukubwa wake unanitia woga. Wageni wanaoshuka jetini na kufuata simu wanafika nyuma ya nyumba yetu wanakwama, kwa sababu kwenye ramani kichochoro kinaishia ukutani. Hakiishii. Kinapita chini ya wikio, kile chumba kinachounganisha nyumba mbili juu ya njia, na kutokea upande wa pili. Punda na mizigo yao wanapita kutwa. Nirekebishe mwenyewe au kuna wa kuombwa ruhusa? Sijui kuandika programu. Nina simu ya Android, na jioni napata laptopu ya kaka yangu.

Mchoraji wa Langoni (Lamu)

Waaleikum salaam dadangu. Ruhusa huombi kwa mtu. Fungua akaunti, ingia, rekebisha. Mradi ulianza Uingereza mwaka 2004 na umejengwa na watu kama wewe. Mwaka 2009 vijana wa Kibera waliichora mitaa yao wenyewe, wakati ramani nyingi zilipaacha pale peupe.

Sasa hicho kichochoro. Aliyekichora pengine yuko mbali, amefuata picha ya setilaiti. Picha inamwonyesha paa la wikio, njia ya chini haioni, basi mstari akaukomesha pale. Wewe unapita hapo kila siku, kwa hiyo kwa kazi hii unamzidi hata kama yeye amechora nusu ya Afrika. Usijione mgeni.

Kwenye laptopu tumia kihariri cha iD. Kinafunguka ndani ya kivinjari, na kina mafunzo mafupi, yamalize kwanza. Kisha vuta mstari hadi ukutane na njia ya upande wa pili. Nukta za mwisho zishikane kabisa, maana zikikaribiana tu, simu itaendelea kuona njia imekatika. Kipande cha chini ya wikio kitenge, ukipe lebo tunnel=building_passage.

Nukta ya GPS usiiamini humu mjini. Kuta ni ndefu, njia ni nyembamba, mawimbi yanagonga ukuta huu na ule, unajikuta umewekwa nyumba ya tatu. Mimi hutembea na karatasi: kona, msikiti, duka, kona. Nikirudi nalinganisha na picha ya angani.

Ukihifadhi utaombwa maelezo. Tafadhali usipaache patupu. Andika, "Nimeunganisha kichochoro kinachopita chini ya wikio, Mkomani, naishi hapa." Anayekagua akisoma hivyo anaelewa mara moja. Na likitokea kosa, kila badiliko lina historia, hurudishwa.

Mawili usiyafanye. Usinakili majina kutoka Google Maps. Leseni hairuhusu na kazi yako itafutwa. Wala usiandike majina ya wenye nyumba. Msikiti, shule, kisima, sawa. Nani analala wapi, hilo si la ramani.

Mama wa Tuktuk (Malindi)

Mimi ningemwanzisha na StreetComplete, ipo kwenye Android. Inakuuliza vitu vidogo ukiwa barabarani: hapa ni lami au mchanga? Duka hili bado lipo? Unapakua eneo mapema, unajibu bila bando, unapandisha ukifika nyumbani. Mkono unazoea taratibu.

Mchoraji wa Langoni (Lamu)

Ni nzuri mno, mama, na aitumie. Lakini haichori njia mpya. Itamwezesha kuacha ujumbe tu kwamba hapa pana kasoro, na ujumbe unaweza kukaa miaka bila mtu kuugusa.

Binti wa Mkomani (Lamu)

Ahsanteni sana. Nimefungua historia ya ule mstari, aliyeuchora ni mmoja, na amechora karibu mtaa wote. Nimwambie kabla au baada?

Mchoraji wa Langoni (Lamu)

Rekebisha kwanza, kisha mwambie. Fungua seti yake ya mabadiliko, yaani kifurushi cha marekebisho aliyoyahifadhi pamoja, andika pale chini: msalimu, mshukuru kwa kazi aliyoifanya, mweleze wikio ni nini na kwamba njia inaendelea. Kama amekata vichochoro vingine vivyo hivyo, mtajie. Asipojibu, chukua kimoja kimoja, kila kimoja ukihifadhi peke yake.