Mama ana vinyama vya uzeeni, tugandishe au tuchome?

Bintilangoni
Asalaam alaykum. Mamangu ataka kutolewa vile vinyama vya uzeeni kabla ya arusi ya mdogo wangu, Mfungo Mosi inshaallah. Nasikia kuna kugandisha kwa baridi, kuchoma na umeme, na leza. Kipi hakiachi alama? Sisi tuko Amu (Lamu), ikibidi twavuka bara Mokowe twashuka Malindi au Mombasa.

Kasuku78
Waalaykum salaam. Dada umetutegea kitendawili. Viko wapi, usoni ama mwilini? Vina shina au vimelala? Ana miaka mingapi, ana sukari?

FundiDau
Mambo mengi ya nini! Singa ya mkia wa punda, funga kwenye shina, kaza, siku chache chaanguka chenyewe. Amu twakosa punda?

Kasuku78
Na kilicholala kama tone la nta utakifunga wapi, fundi?

Bintilangoni
Samahanini nilikuwa jikoni. Ana miaka 64. Mashavuni vidogo vyeusi vingi, hivyo anavyo tangu niko shule, na shangazi zangu pia. Mgongoni vikubwa vya kahawia, ukipitisha kidole wahisi gamba limebandikwa, kimoja chakwaruzwa na sidiria chatoka damu. Shingoni viwili vyaning'inia. Sukari ndiyo anayo.

MstaafuGanda
Mwanangu hayo ni mambo matatu. Vya mashavuni ni vya ukoo, sisi weusi tunavyo sana, hata Morgan Freeman mwangalie usoni. Vya mgongoni si chunjua na haviambukizi. Vya shingoni huandamana na sukari. Baridi inayotumika ni nitrojeni ya -196°C, na chembe zinazoipa ngozi rangi ndizo hufa mwanzo, kwa hivyo ngozi nyeusi yaweza kubaki na baka jeupe. Usoni ni umeme wa moto mdogo, na wajaribu kimoja kwanza mahali pa kujificha. Kile cha damu kikwanguliwe kwa ganzi na kipelekwe maabara, usikubali kitupwe.

NahodhaWatamu
Leza mwanzo mwisho. Dadangu alifanya Mombasa, uso kama yai.

Kasuku78
Dadako ni mweusi?

NahodhaWatamu
Maji ya kunde.

Kasuku78
Haya basi.

UmmuSalma_Mld
Ngojeni niwaambie yangu. Mwaka juzi nilikuwa na kimoja kando ya jicho, jirani akanambia mafuta ya ganda la korosho, yale meusi, chovya njiti ya kiberiti upake. Nikapaka usiku nikalala. Alfajiri naamka jicho limefumba, maji ya udhu yalipogusa nikapiga ukelele mzee akadhani nimeumwa na nge, ngozi imebabuka mpaka karibu na pua, siku kumi na moja niko ndani na mtandio usoni hata mazikoni siendi. Kilipopona kikaacha baka jeusi kama sarafu ya shilingi ishirini. Na kinyama chenyewe? Kipo! Nakigusa hivi naandika. Nikaenda mahali pa urembo sipataji, wakanigandisha hata kuangalia vizuri hawakuangalia, sasa nina jeusi na jeupe pamoja, mjukuu aniuliza bibi nani kakuchora. Kinyama kilipungua nusu tu.

FundiDau
Pole dada. Hayo mafuta hata dau silipaki, dau ni sifa, yale mafuta ya papa, na chini shahamu ya mafuta na chokaa.

NahodhaWatamu
Shahamu nani apaka siku hizi, yakhe? Rangi ya duka.

FundiDau
Ndio maana boti zenu zaliwa na fukusi.

MstaafuGanda
Turudi kwa mgonjwa. Vikimtoka vingi kwa ghafla, au akiona doa linalokua chini ya wayo au kwenye kucha, hiyo si ya urembo, aende hospitali. Bob Marley alifariki 1981, kansa yake ilianzia kidole gumba cha mguu.

Bintilangoni
Mama nimemsomea yote. Asema vya usoni vitoke, cha mgongoni arusini nani atakiona.

Kasuku78
Si hicho ndicho chatoka damu!!

Bintilangoni
Namwambia. Haya, mwambie wewe.

FundiDau
Arusi yenyewe lini, na sisi hatualikwi?

UmmuSalma_Mld
Mimi mkishuka Malindi nitafuteni, nina kilemba kinafunika mpaka jicho.